Tutazipata wapi nyimbo za Lodwar na Kakuma miaka 50 ijayo?

KUNA neno moja ambalo walimu wengi wa fasihi simulizi hulipotosha kila somo linapofika Turkana. Husema "nyimbo za fahali". Mnyama anayeimbiwa na Mturkana si fahali. Ni emong, yaani maksai, dume aliyehasiwa. Tofauti hiyo si ya wachinjaji tu. Fahali ana kazi ya kuzalisha kundi na boma zima linamhitaji. Maksai hana kazi hiyo, na kwa hivyo kijana huweza kumfanya wake wa moyoni: humchagua kwa rangi na madoa, humkunja pembe zikue kwa umbo analolitaka, humvalisha kengele, hujiita kwa jina linalotokana naye, kisha humtungia wimbo. Katika ngoma ya edonga utamwona ameinua mikono hewani, mmoja hivi na mwingine vile, akiigiza pembe za maksai wake.

Sasa chukua rekodi ya wimbo huo umpe mkutubi aiweke rafuni. Ataiandika nini kwenye kadi? Akifuata mtaala wetu wa shule za upili, visanduku viko tayari: nyiso, hodiya, kimai, mbolezi, bembelezi, sifo, majigambo. Wimbo wa emong ni sifo kwa kuwa unamsifu mnyama. Ni majigambo kwa kuwa mwimbaji anajisifu kupitia mnyama huyo. Ni historia, maana hutaja ng'ombe alipatikana wapi, rafiki gani alimtoa, uvamizi gani ulipita, na mlima gani watu waliupanda ukame ulipobisha hodi. Na msichana akiwa karibu, basi ni wa mapenzi pia. Visanduku vyetu vingi vilichongwa Pwani, kwa watu wa jahazi na jembe. Kimai ni wimbo wa mabaharia, tusisahau. Havikuchongwa kwa mtu ambaye shairi lake lina miguu minne.

Naanza na kadi ya maktaba kwa makusudi. Kila ninapohudhuria vikao vya kujadili uhifadhi wa muziki na maigizo ya miji yetu, mazungumzo huanzia kwenye mashine na kuishia papo hapo: kompyuta, skana, seva, kipoza hewa. Vyote vinahitajika, nitavifikia. Lakini Lodwar na Kakuma hazina upungufu wa sauti. Sauti zimejaa kwenye simu za watu. Kinachopotea ni maelezo: nani aliimba, kwa nini, mbele ya nani, maksai yupi, na neno lile la mstari wa tatu lina maana gani. Rekodi isiyo na maelezo hayo ni kelele nzuri tu.

Pembeni kidogo: Kiswahili cha Kenya kimeliacha neno "makavazi" lihangaike. Kuna anayelitumia kwa maana ya jumba la makumbusho, na kuna anayelitumia kwa maana ya ghala la nyaraka. Hapa nalitumia kwa maana ya pili, na ndani ya ghala hilo naongeza kanda, filamu na miswada ya michezo ya kuigiza.

Mtu asije akadhani kwamba Turkana ni mahali ambapo hakuna kilichowahi kuhifadhiwa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome, magharibi mwa ziwa, mabaki ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mifupa hiyo imetunzwa Nairobi kwa uangalifu ambao hata mboni ya jicho huukosa. Mjini Lodwar kuna nyumba aliyozuiliwa Jomo Kenyatta kuanzia 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung, hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Nayo imehifadhiwa. Mfupa na nyumba vinashikika. Shida ya wimbo wa Mturkana ni kwamba hauachi hata ala ya kuweka kwenye kabati la kioo. Mluo atakuachia nyatiti, Mbukusu atakuachia litungu, Mgiriama kayamba. Muziki wa Turkana, kwa sehemu kubwa, ni koo, makofi na ardhi inayokanyagwa. Mwimbaji akifa na rafiki zake wakafa, umebaki na nini?

Waliojaribu kuukamata ulimwengu huu wapo, na kazi zao zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya.

David na Judith MacDougall walipiga picha kaskazini-magharibi mwa Kenya mwaka 1973 na 1974, zikatoka filamu tatu: The Wedding Camels (1977), Lorang's Way (1979) na A Wife Among Wives (1981). Nazipenda. Enzi hizo filamu nyingi kuhusu Waafrika zilikuwa na sauti ya mgeni ikieleza kila kitu kutoka juu, kama mtangazaji wa kandanda. Hawa waliwaacha watu waseme wenyewe kwa Ng'aturkana, wakaweka tafsiri chini ya picha. Katika ile ya harusi, majadiliano ya mahari ya Akai, bintiye Lorang, huchukua muda kweli kweli, na mtazamaji mwenye subira hugundua kwamba anatazama tamthilia kamili. Ina wahusika, ina mgogoro, ina kejeli, ina mtu anayejifanya ameudhika ili aongezewe. Hakuna aliyeiandika. Lorang mwenyewe, ambaye aliwahi kuchukuliwa jeshini enzi za ukoloni kisha akarudi kwenye mifugo yake, anaiongelesha kamera kama mzee anayelihutubia baraza.

Dosari iko chini ya picha. Tafsiri ni ya Kiingereza peke yake, na Kiingereza hicho kimenyooshwa pasi. Mafumbo yamekuwa taarifa. Nilipozionyesha darasani miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja kutoka Turkana alicheka mahali ambapo sisi wengine tulikuwa tumenyamaza. Nikamwomba aeleze. Alihitaji dakika tano kueleza sekunde tatu. Dakika hizo tano ndizo ninazoziita makavazi. Filamu tunayo, kicheko cha yule kijana hakikuandikwa popote, na mwaka uliofuata alikuwa amehitimu.

Mfano wa pili ni kitabu cha Mustafa Kemal Mirzeler, Remembering Nayeche and the Gray Bull Engiro, kilichotolewa mwaka 2014 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Toronto. Kinahusu kisa ambacho kila mtoto wa Turkana hukisikia: mwanamke aitwaye Nayeche anamfuata fahali wa kijivu aliyepotea (huyu ni fahali kweli, Engiro) kutoka nyanda za juu za Karamoja hadi bonde la mto Tarach, anaikuta nchi yenye matunda ya mwituni, na Waturkana wanaanzia hapo. Uzuri wa Mirzeler ni kwamba anawachukulia wasimulizi wa Jie na wa Turkana kama wasanii wenye hila zao. Hawachukulii kama mabomba ya kupitishia mila. Anaonyesha jinsi kisa kimoja kinavyosaidia kujenga amani leo na kudai malisho kesho. Ni uhakiki wa hali ya juu. Ila umeandikwa kwa Kiingereza, umechapwa Toronto, na bei yake si ya mfuko wa mwalimu wa shule ya msingi. Wakati huohuo, redio ya jamii ya Kakuma inaitwa Ata Nayeche. Bibi huyo yuko hewani kila siku nyumbani kwake, na kitabu kinachomweleza vizuri kiko ng'ambo.

Je, vilivyoko ng'ambo haviwezi kurudi? Vinaweza. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wimbo uliokuja kujulikana kama Chemirocha, jina lililotokana na mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hadi vijijini. Rekodi za Tracey ziliingia katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Zaidi ya nusu karne baadaye, maktaba hiyo kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha kwa Wakipsigis wenyewe, na waliozipeleka wakamkuta mmoja wa waliorekodiwa akiwa hai. Fikiria mzee akiisikia sauti yake ya ujana. Mimi ninachokisifu zaidi ni kwamba walioirudisha walikaa chini wakauliza: huyu ni nani, na hapa anasema nini? Kadi za Tracey ziliongezewa nyama. Kurudisha rekodi bila maswali hayo ni kama kumrudishia mtu barua yake bila kumpa nafasi ya kuisoma.

Haya, twende Kakuma, maana ndiko mambo yanakoniuma.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, wengi wao vijana waliotembea kwa miguu. Kalobeyei ikaongezwa jirani yake mwaka 2016. Leo eneo hilo lina zaidi ya watu laki mbili kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Lina makanisa yenye kwaya, misikiti, studio za vyumba vya mabati, vikundi vya maigizo na wacheza ngoma wa makabila ambayo mtu ungelazimika kupanda ndege mara tano kuyaona yote. Kwa kipimo chochote cha busara huo ni mji, tena mmoja wa miji yenye muziki mwingi zaidi Kenya. Lakini jina lake ni "kambi", na kambi ni kitu cha muda. Nani hujengea kitu cha muda makavazi? Mtoto aliyezaliwa hapo mwaka ule wa kwanza sasa ana watoto wake, na bado neno "muda" linatumika.

Angalia hasara yake kisanaa. Francis Mading Deng alichapisha The Dinka and Their Songs mwaka 1973, na msomaji wa kitabu hicho hukuta kitu ambacho Mturkana angekitambua bila mkalimani: mwanamume, maksai wake, na wimbo unaowaunganisha. Wadinka na Waturkana wamekuwa majirani kando ya Tarach kwa zaidi ya miaka 30. Hizo ni jadi mbili za ushairi wa maksai, umbali wa kutembea kwa miguu. Mahali pengine duniani zingekuwa na idara nzima ya utafiti. Kwetu zinaingia katika majalada tofauti: huyu "mkimbizi", huyu "mwenyeji". Wakizozana juu ya kuni au maji, tunaandika ripoti. Wakiimbiana, hatuandiki.

Kuna pia lugha, na hili wasomaji wa safu hii watalijali. Maigizo ya Kakuma mara nyingi huchezwa kwa Kiswahili, ila ni Kiswahili kipi? Ni cha Uvira na Bukavu kilichokutana na cha Lodwar, kikanunua maneno kwa Kiarabu cha Juba na kukopa Sheng' kutoka kwa basi la Kitale. Mwanaisimu angetoa jino ili apate mswada mmoja wa mwaka 1998 na mwingine wa 2018 alinganishe. Tatizo ni kwamba michezo mingi iliagizwa na mashirika ili kupitisha ujumbe: nawa mikono, pima virusi, usimwoze binti mdogo. Ujumbe ukishapita, kazi imekwisha. Niliwahi kuomba kwa shirika moja nakala za michezo liliyoigharamia. Nilipewa ripoti safi, yenye jedwali la idadi ya watazamaji, wanaume huku, wanawake kule. Mchezo wenyewe haukuwemo, wala jina la mtunzi. Kaseti zilizokuwepo, nikaelezwa, zilitupwa ofisi ilipohama.

Si kwamba Kakuma haijiandiki. Shirika la FilmAid lilianza kazi huko mwaka 2001, likionyesha filamu usiku na baadaye kufundisha vijana kuzitengeneza. Wakimbizi wenyewe walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008. Juni 2018 kongamano la TEDx lilifanyika kambini, la kwanza la aina yake katika kambi ya wakimbizi, na hotuba zake yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama leo. Hapo pana funzo la kuchekesha: alasiri moja yenye Kiingereza kingi na taa nzuri imehifadhiwa kikamilifu, na miaka 30 ya maigizo ya vumbini imebaki kwa walioyaona, ambao nao wengine wamehamishiwa Marekani, Kanada na Australia.

Najua kuna atakayeniuliza kama ninaona haya. Mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ulikatwa vibaya kufuatia kupungua kwa ufadhili, watu wakaandamana, na profesa anazungumza habari za kaseti! Swali ni halali. Jibu langu ni kwamba makato yaleyale yanayoondoa unga huondoa pia ofisi, na ofisi ikifungwa, diski zake huondoka na mtu wa mwisho kuzima taa. Chakula kinaweza kurejeshwa mwaka ujao wafadhili wakipatikana. Kumbukumbu ya mchezo haiagizwi kwa meli.

Turkana inahusika pia na tamthilia kwa njia nyingine. Machi 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1. Mwaka uliofuata wasichana wa Butere walileta katika tamasha za drama mchezo wa Shackles of Doom, uliotungwa na Cleophas Malala, kuhusu ukabila na ugavi wa rasilimali katika jamii iliyopata mafuta. Ukapigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Leo nikitaka uamuzi wa mahakama, naupata kabla chai haijapoa. Nikitaka mchezo, inanibidi nianze kupiga simu kumtafuta anayemjua anayemjua mwalimu fulani. Tamasha za muziki zilianza 1927, za drama 1959. Piga hesabu ya miswada iliyochezwa katika muda huo, halafu ujiulize ni mingapi ambayo mwanafunzi wa Lodwar anaweza kuiazima.

Sheria, kwa bahati nzuri, haitusumbui. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaja maktaba kwa jina miongoni mwa njia za kukuza utamaduni. Jedwali la Nne linazipa kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za kitamaduni. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi inazitaka kaunti ziwe na sajili ya vitu hivyo. Lodwar ina Chuo Kikuu Kishirikishi cha Turkana tangu 2017, na ina tamasha la Tobong'u Lore linalowaleta pamoja ndugu wa Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia. Yaani waimbaji huja wenyewe hadi mlangoni, pamoja na wafasiri wao. Wajie, Watoposa na Waturkana husikilizana bila shida kubwa.

Kwa hivyo nichukue nafasi ya kusema ningetaka nini. Makavazi yawe Lodwar, chuoni, na tawi dogo Kakuma ambalo mkimbizi na mwenyeji wanaingilia mlango mmoja. Joto la huko hupanda nyuzi 35 na zaidi mchana, na vumbi halina adabu, kwa hivyo kanda za zamani zisikae kabatini zikisubiri bajeti. Zihamishiwe kwenye faili kubwa zisizobanwa, nakala tatu, moja ikae nje ya kaunti. Video iliyopitia WhatsApp mara kumi ipokewe pia, ila tusijidanganye kwamba hiyo ndiyo rekodi.

Halafu fedha iliyobaki, na hata isiyobaki, iende kwa watu. Gerrit Dimmendaal alionyesha katika sarufi yake ya 1983 kwamba Ng'aturkana ina irabu za mwisho wa neno zinazonong'onwa. Mnukuzi asiye na sikio hilo huziacha, na ubeti unapoteza mguu. Mashine hazijafundishwa kuzisikia. Vijana wa Lodwar huzisikia bila kujitahidi. Wafunzwe, walipwe kila mwezi kama wakutubi wengine, na kadi wanayoijaza ianze kwa neno la mwenye wimbo: emong iandikwe emong, ndipo maksai ifuate, na sifo au majigambo yaje nyuma kabisa kama yanafaa. Kwa Kakuma ongeza lugha zote zilizotumika katika igizo, jina la mtunzi, na aliyeliagiza.

Kuna jambo moja ambalo kadi za zamani hazikuwa nalo kabisa. Zipo nyimbo za asapan, na maneno yanayosemwa wazee wakiketi akiriket, ambayo si ya kila sikio. Zipo nyimbo za uvamizi ambazo zikichezwa redioni leo zinaweza kuamsha kile kilichozikwa Lokiriama mwaka 1973, Waturkana na Wamatheniko walipofanya amani. Na yupo mkimbizi ambaye sauti yake ikijulikana alikotoka, nduguye ataumia. Kadi iwe na mstari wa nani anaruhusiwa kusikiliza na kuanzia lini, na mstari huo ujazwe na mwimbaji mwenyewe kabla kitufe hakijabonyezwa.